Anza na Sakafu: Zulia la Kituruki katika Nyumba za Rusizi

Dukani kila zulia ni zuri. Limetandazwa juu ya mengine kumi, taa inalimulika kutoka juu, na muuzaji amelipiga brashi mpaka manyoya yote yakaelekea upande mmoja. Sifa yake ya kweli hujulikana nyumbani. Kuna zulia linaloingia mjini Kamembe likiwaka rangi na mwaka hauishi limekuwa kijivu. Kuna linaloteleza juu ya vigae kila mtoto akipita mbio. Kuna linaloanza kunuka uvundo kabla masika hayajakatika. Mara nyingi zulia lenyewe halina kosa. Lilichaguliwa kwa jicho tu, likapelekwa katika nyumba ambayo hakuna aliyeiuliza inataka nini.

Katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, swali hilo haliwezi kurukwa, kwa sababu hapa hali ya hewa hubadilika ndani ya safari fupi ya gari. Kando ya Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka kuelekea Bugarama, unafika kwenye mita 950 kando ya mto Rusizi, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, penye joto linalokomaza mpunga. Ukigeukia mashariki, barabara inapita kwenye mashamba ya chai ya Shagasha na kupanda hadi msitu wa Nyungwe, ambako asubuhi hakuna anayevua koti. Nyumba nazo hazifanani: za matofali ya kuchoma zilizobaki Cyangugu tangu enzi ya Wabelgiji, za vigae zinazochipuka Kamembe, za rukarakara (matofali mabichi ya udongo) vilimani, na vyumba vya kupanga vya wafanyakazi na wanafunzi.

Basi fuata mpangilio huu: tazama sakafu kwanza, kisha hewa, kisha kazi ya chumba. Rangi iwe ya mwisho. Wengi wetu huanza na rangi, na ndiyo maana tunanunua mara mbili.

Jua unachonunua

Jina la zulia la Kituruki linabeba vitu vitatu tofauti.

La kwanza ni zulia la mashine. Kitovu cha kazi hii ni Gaziantep, mji wa kusini-mashariki mwa Uturuki ambao viwanda vyake vinauza duniani kote. Nyuzi zake huwa za polipropilini, akriliki, poliesta, viskosi au mchanganyiko wa hizo. Hili ndilo utakalolikuta kwa urahisi madukani, na si la kudharauliwa. Likichaguliwa vizuri linastahimili watoto, chai iliyomwagika na viatu vya wageni.

La pili ni zulia la mkono, lililofungwa fundo kwa fundo juu ya mtande. Mfumi wa Kituruki huzungusha kila fundo kwenye nyuzi mbili za mtande kwa usawa. Fundo hilo huitwa la Gördes, na uimara wake ndio unaolifanya zulia lidumu vizazi. Kazi hii ni ya kale: katika msikiti wa Alaeddin mjini Konya yalikutwa mazulia ya karne ya 13. Kila mji una mkono wake. Uşak unajulikana kwa maua makubwa na rangi zilizopoa. Bergama hupenda nyekundu na buluu katika maumbo ya pembe. Milas ina manjano na hudhurungi ya udongo. Hereke, ambako kiwanda cha kifalme kilianzishwa katika miaka ya 1840 kufumia majumba ya masultani, ni maarufu kwa hariri laini ambayo hata tajiri mwenye busara huitundika ukutani badala ya kuikanyaga.

La tatu ni kilimu, busati lililofumwa kwa mtande na mshindio bila manyoya. Ni jembamba na jepesi, na mara nyingi linaweza kutandikwa upande wowote. Kwa nyumba nyingi za Rusizi, hasa za bondeni, ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, lakini wanunuzi hulipita kwa kudhani kwamba unene ndio ubora.

Njia ya kufika huku ni ndefu. Baadhi ya wafanyabiashara hupanda ndege ya Turkish Airlines, inayofika Kigali tangu 2012, wakanunua Istanbul katika maduka ya jumla. Mizigo mikubwa huja kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, ikapanda lori hadi Kigali, kisha ikapita Huye na Nyungwe ndipo ishuke Kamembe. Kila hatua imeongeza kitu kwenye bei. Kwa hiyo ni haki yako kuchelewa dukani na kuuliza maswali.

Majaribio matatu kabla ya kulipa

Jaribio la kwanza ni la mgongo. Mwambie muuzaji, "Baba, naomba tuligeuze." Zulia la mkono lina nakshi inayosomeka nyuma karibu sawa na mbele, na mafundo yake hayalingani kabisa, kwa sababu mkono wa mtu si chuma. Matamvua yake ni ncha za mtande wenyewe. La mashine lina mistari iliyonyooka mno nyuma, mara nyingine limepakwa gundi, na matamvua yake yameshonewa juu ya pindo. Zulia la mashine ni halali kabisa. Kisicho halali ni kuuziwa kwa bei ya kazi ya mkono.

Jaribio la pili ni la moto. Omba uzi mmoja uliolegea pembeni, toka nao nje ya duka, uwashe kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Polipropilini na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Viskosi huungua haraka na kunuka karatasi. Uwe macho na hii ya mwisho. Viskosi hung'aa na kuuzwa kwa majina ya kifahari yenye neno hariri ndani yake, lakini ikilowa hupoteza nguvu, huacha alama, na manyoya yake hulala yasiamke tena. Katika nyumba ya kando ya ziwa hiyo ni pesa iliyotupwa.

Jaribio la tatu ni la hesabu. Gawa bei kwa mita za mraba. Zulia la mita 2 kwa 3 ni mita 6 za mraba. Lililo la mita 1.6 kwa 2.3 ni 3.68. Ukilinganisha kwa mita ya mraba, mara nyingi utagundua kwamba lile lililoonekana rahisi ndilo ghali. Ulizia pia uzito, maana zulia jepesi mno lina manyoya machache. Lenye kilo 2.5 kwa mita ya mraba, katika ukubwa wa mita 2 kwa 3, litafika kilo 15. Hilo pia litakusaidia kujua kama pikipiki itatosha au utahitaji gari.

Ongeza na jaribio la kitambaa cheupe kilicholowa maji kidogo. Sugua juu ya rangi nyekundu au buluu nzito kwa sekunde kumi. Kikitoka na rangi, zulia hilo litachafua vigae vyako siku ya kwanza litakapolowa.

Pima chumba, usikadirie

Mazulia ya viwanda vya Uturuki huja zaidi katika vipimo vya sentimita 80 kwa 150, 120 kwa 170, 160 kwa 230, na 200 kwa 290. Usiende dukani bila kujua kipi ni chako. Chukua kamba au magazeti, uyapange sakafuni kwa kipimo unachokifikiria, uyaache siku nzima na watu wapite. Utaona mlango unakwama wapi na kochi linaishia wapi.

Sebuleni, miguu ya mbele ya makochi ikae juu ya zulia, na pembeni ibaki sakafu wazi ya sentimita 20 hadi 40. Zulia dogo katikati ya sebule kubwa huonekana kama leso iliyodondoka. Chini ya meza ya kulia, zulia lizidi meza kwa sentimita 60 kila upande, ili kiti kikivutwa nyuma miguu yake isishuke ukingoni. Chumbani, lisukume chini ya theluthi mbili za kitanda upande wa miguuni, mguu wa mtu anayeamka ukute kitu laini pande zote mbili. Kama pesa hazitoshi kwa kipimo sahihi cha sebule, ni afadhali kununua kilimu kubwa kuliko zulia nene lililo dogo.

Nyumba ya matofali kando ya ziwa

Nyumba za zamani za Cyangugu zina baraza pana, dari za juu, kuta nene na, aghalabu, sakafu ya sementi nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi hadi ikang'aa. Sakafu hiyo ni pambo tayari. Usiifunike ukuta kwa ukuta. Tandika zulia moja la wastani lenye rangi zilizopoa za aina ya Uşak, kijani cha majani makavu, krimu au buluu iliyofifia, ili wekundu wa sementi uwe fremu yake. Nyekundu juu ya nyekundu hupigana.

Ukivuka daraja hadi Bukavu, upande wa Kongo, utaona jamaa wa nyumba hizi: majengo ya Wabelgiji ya wakati mji ulipoitwa Costermansville, yenye mistari mirefu, pembe zilizoviringwa na madirisha mapana. Nyumba ya mtindo huo inapatana na kilimu za Anatolia, Uturuki, zenye maumbo ya pembe na mistari, kwa kuwa zote mbili zinapenda jometri kuliko maua. Fanicha nyeusi ya mbao ngumu, ukuta mweupe, kilimu moja yenye pembe tatu nyekundu na nyeusi: chumba kimekamilika, hakihitaji kingine.

Maadui wa nyumba ya ziwa ni wawili. Wa kwanza ni unyevu. Kabla ya kutandika chochote, jaribu sakafu: chukua kipande cha plastiki ya kitambaa cha mezani, upana wa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku kucha na mchana wake. Ukikuta matone chini yake au sementi imebadilika rangi, sakafu inapumua maji. Hapo zulia lenye manyoya litavunda, hasa lenye gundi mgongoni. Tumia kilimu unayoweza kuinua na kuianika, au shughulikia mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba kwanza. Nyingi kati ya nyumba zetu zimechimbiwa kwenye mteremko, na maji ya mlima huingilia nyuma. Nyumba mpya nayo isifunikwe haraka. Sementi ihesabiwe mwezi mmoja kamili kabla ya zulia.

Adui wa pili ni jua. Madirisha yanayotazama Bukavu hupokea jua la alasiri moja kwa moja, na hilo hula rangi ya upande mmoja. Geuza zulia nusu duara kila baada ya miezi sita, lichakae sawasawa, na weka pazia jepesi kuanzia saa tisa alasiri.

Nyumba mpya ya vigae Kamembe

Hapa mambo ni ya kisasa: makaro meupe yanayong'aa, seti ya makochi makubwa, televisheni ukutani, meza ya kioo. Chumba kama hiki kina mng'ao mwingi na sauti inayorudi. Zulia linaletwa lifanye kazi mbili, kupunguza mwangwi na kuunganisha makochi yawe kikao kimoja. Zulia la mashine la polipropilini iliyochemshwa kwa mvuke, ambayo nyuzi zake hazing'ai sana na huhisika karibu na sufu, ndilo linalofaa. Chagua manyoya mafupi, milimita 8 hadi 12. Yale marefu yanayofunika vidole yanapendeza kwenye picha, lakini yanameza vumbi, makombo na sindano, na nyumba isiyo na mashine ya kufyonza vumbi haitayaweza.

Juu ya vigae zulia huteleza. Nunua wavu wa mpira wa kuweka chini yake, ukatwe uwe mdogo kuliko zulia kwa sentimita mbili kila upande. Mzee akianguka, wavu huo utauona ulikuwa bei ndogo.

Kuhusu nakshi, tazama makochi. Kochi lenye maua linataka zulia tulivu lenye rangi moja au mistari. Kochi la rangi moja linaweza kubeba zulia lenye ua kubwa la katikati, la kijadi kabisa. Na kama meza ya chai ni pana, ua hilo litafunikwa. Chagua zulia lenye nakshi iliyotapakaa, usilipie ua ambalo halitaonekana.

Nyumba ya Bugarama na bondeni

Joto la Bugarama halitaki manyoya. Mtu anataka kuvua viatu na kukanyaga kitu cha ubaridi. Hapa kilimu ya pamba au ya sufu nyembamba ndiyo bingwa, na vumbi la bondeni, linalopeperushwa na malori na barabara za udongo, hukung'utwa nje kwa dakika chache.

Katika eneo hili wako Waislamu wengi, na nyumba nyingi zina desturi ya kukaa chini kwa chakula na mazungumzo, hasa wakati wa futari. Panga chumba kwa desturi hiyo: kilimu kubwa moja inayofika karibu na kuta, mito ya kuegemea pande tatu, na sinia katikati. Juu yake tandika kitambaa cha kulia kinachoweza kufuliwa, maana mchuzi wa mawese ukishaingia kwenye sufu hautoki wote.

Hapo pana jambo la adabu. Mazulia mengi madogo ya Kituruki yana umbo la mihrabu, upinde unaoelekea upande mmoja, kwa kuwa yalifumwa kuwa misala. Kwa Mwislamu msala ni mahali pa kusujudu. Hata kama nyumba yako si ya Kiislamu, usiuweke mlangoni ukafuta viatu juu yake. Jirani akiingia ataona. Utundike ukutani, au uuweke mahali pasipopitwa na viatu.

Nyumba ya vilimani

Upande wa Shagasha na kuelekea Bweyeye, baridi na mvua ndizo zinazoamua. Sufu ina sifa ambayo nyuzi nyingi za kiwandani hazina: hunyonya unyevu wa hewa bila kuhisika imelowa, na hutunza joto la miguu. Kama unaweza kununua zulia moja la sufu maishani, nyumba ya vilimani ndiyo inayolistahili, na chumba cha kulala au cha kusomea ndicho mahali pake, mbali na tope la mlangoni.

Mlangoni weka ngazi mbili za ulinzi. Nje, kipande kigumu cha kukwangulia tope. Ndani, mkeka au busati la bei nafuu linalofuliwa kila wiki. Baada ya hapo viatu vivuliwe. Rafu ndogo na kandambili za wageni zitaokoa zulia kuliko sabuni yoyote. Jiko la mkaa nalo lisikae karibu. Cheche moja hutoboa polipropilini papo hapo, na kuwasha mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari kwa uhai kabla ya kuwa hatari kwa zulia.

Nyumba ya rukarakara yenye sakafu ya udongo mtupu isiwekewe zulia bado. Vumbi na unyevu vitalila kutoka chini. Ikirago, mkeka wa kwetu, unatosha, na pesa ya zulia iende kwenye sakafu. Mbali na sementi, siku hizi zipo pia sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka na kuwa magumu. Kampuni ya EarthEnable imekuwa ikizijenga Rwanda kwa miaka kadhaa. Sakafu ikishafungwa hivyo, kilimu inaweza kufuata.

Chumba cha kupanga

Mwenye chumba kimoja ana faida: hahitaji kikubwa. Zulia la sentimita 80 kwa 150 kando ya kitanda, au la 120 kwa 170 likitenganisha upande wa kukaa na upande wa kulala, hubadilisha chumba kizima. Kama sakafu imefunikwa kapeti la plastiki, hilo libaki. Kilimu ndogo juu yake hulificha bila kugombana na mwenye nyumba. Nunua kitu kinachoviringika na kubebeka, kwa sababu mpangaji huhama. Na usidharau ukuta: kilimu iliyotundikwa kwenye ufito wa mbao huficha nyufa, hupasha chumba joto na huwa salama dhidi ya maji ya kudeki.

Rangi, na vitu vya kwetu

Sasa ndiyo zamu ya rangi. Nyumba ya Rwanda haihitaji kujifanya ya Istanbul. Zulia la Kituruki linakaa vizuri zaidi likikuta vitu vya hapa vinavyolingana nalo. Imigongo, sanaa ya samadi ya ng'ombe kutoka Gisaka, inayofanywa mpaka leo Nyarubuye wilayani Kirehe, ina pembe na mizunguko ya nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Kilimu za Anatolia zina pembe hizo hizo. Lakini vikiwa vyote viwili vikubwa, macho hayapumziki. Imigongo ikitawala ukuta, zulia liwe na rangi mbili tu, moja yake ichukuliwe kutoka kwenye imigongo. Kilimu ikitawala sakafu, ukutani weka kipande kimoja kidogo.

Vivyo hivyo kwa vitenge. Foronya za kitenge chenye rangi sita juu ya zulia lenye rangi nane ni kelele. Shika rangi moja ndogo iliyojificha kwenye zulia, labda haradali au kijani, kisha uitafute katika kitenge cha foronya, katika agaseke (kikapu kidogo) la rafuni, au katika vitambaa vya kufuma vinavyofunika makochi. Rangi ikijirudia mara tatu chumbani, chumba kinaonekana kimepangwa hata kama kila kitu kilinunuliwa kwa mwaka wake.

Kwa matumizi ya kila siku, kumbuka udongo wetu ni mwekundu. Zulia jeupe au krimu tupu litaonyesha kila unyayo. Hudhurungi, wekundu wa tofali na nakshi ndogondogo huficha udongo kati ya usafi mmoja na mwingine.

Kulitunza

Fagia kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, mara mbili kwa wiki. Mara moja kwa mwezi lipindue, lipigwe polepole kwa fimbo mgongoni, vumbi la ndani lishuke. Zulia la mkono lisipigwe kwa nguvu. Mafundo ya kale hukatika.

Chai ya maziwa ikimwagika, usisugue. Gandamiza kitambaa kikavu mpaka kisinyonye tena, kisha maji baridi yenye sabuni kidogo, kuanzia ukingoni kuelekea katikati ya doa. Mafuta ya sambaza (dagaa wa Kivu) au mawese yanyunyizie unga mkavu wa muhogo, uuache usiku kucha unyonye, uufagie asubuhi ndipo sabuni ifuate. Maji ya moto na dawa ya kung'arishia nguo visikaribie sufu.

Kuosha zulia zima kuna msimu wake, nao ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Zulia lililooshwa Aprili halikauki, na lisilokauka kwa siku mbili linavunda. Liinue lipite hewa chini yake, mgongo ukitazama jua.

Sufu ina mdudu wake, nondo. Hupenda giza na utulivu: chini ya kabati, chini ya kitanda kisichosogezwa. Ukiona manyoya yamepunguka kwa viraka, au vifuko vidogo vyeupe, toa zulia juani, lisafishwe pande zote mbili. Ukitaka kulihifadhi, liviringe badala ya kulikunja, ulifunge kwa shuka ya pamba, likae juu ya mbao na lisiguse sakafu.

Ukisafiri kwenda kununua mwenyewe

Ukifika Istanbul, anza siku ya kwanza kwa kutazama tu. Bei ya kwanza ni ya mazungumzo. Uliza zulia limetoka mji gani, nyuzi ni zipi, rangi ni ya mimea au ya kiwandani, na andikiwa majibu kwenye risiti. Mali ya kale ya zaidi ya miaka mia hairuhusiwi kutoka Uturuki, kwa hiyo zulia lenye sura ya kizee liwe na hati ya makumbusho inayoeleza umri wake. Kwa mizigo ya ndege, kilimu ndiyo rafiki. Hukunjwa ikaingia begini.

Pesa ikiwa kidogo, ianze wapi

Usinunue vyumba vyote kwa mkupuo. Pesa ya kwanza iende kwenye sakafu yenyewe na mfereji wa maji ya mvua. Ya pili, kwenye mkeka wa mlangoni na rafu ya viatu. Ya tatu, kwenye zulia moja la sebule lenye kipimo sahihi, hata kama ni la mashine. Chumba cha kulala kingoje. Zulia la mkono lije mwisho, ukiwa tayari umeijua nyumba yako misimu yote: umeona maji yanaingilia wapi, jua linakaa wapi saa kumi, na wageni hukaa upande gani. Wakati huo ukiingia dukani na kipimo mfukoni, muuzaji atatandaza kumi na wewe utamwomba ageuze mawili tu.